Mdaiwa si mshtakiwa! Acheni kuchanganya watu mahakamani

Waandishi wa habari za mahakamani na wachapaji wa hati, hili limezidi. Mtu kafunguliwa kesi ya mpaka wa shamba, kesho yake anaandikwa "mshtakiwa". Kashtakiwa kwa kosa gani? Hiyo ni kesi ya madai. Aliyeifungua ni mdai, aliyefunguliwa ni mdaiwa. Akishindwa ataamriwa kulipa, kuhama au kurudisha, lakini hageuki kuwa mhalifu. Wala kuitwa mdaiwa hakumaanishi ana deni. Kwenye mpaka hakuna anayemdai hata senti.

Jinai ni kitu kingine. Anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akishasomewa shtaka mahakamani ni mshtakiwa. Mkosaji ni mpaka atiwe hatiani, kwa hiyo kichwa cha habari "Mwizi akana shtaka" kimeshamhukumu kabla ya hakimu. Na aliyeibiwa si mdai! Ni mlalamikaji, na kizimbani anapanda kama shahidi. Kesi ni ya upande wa mashtaka, ndiyo maana hawezi kuifuta mwenyewe eti kwa sababu wamepatana nyumbani.

Kinachoumiza zaidi ni hati. Wadaawa ni pande zote mbili za kesi; wadaiwa ni upande mmoja tu. Tofauti ni herufi moja. "Wadaawa watamlipa mpimaji nusu kwa nusu": chapa "wadaiwa" hapo, mdai ametoka kwenye malipo na mzigo wote umehamia kwa wenzake. Kompyuta haitakushtua, maana yote mawili ni maneno sahihi.

Kwenye rufaa ndiyo vurugu tupu. Aliyekata rufaa ni mrufani, anayeijibu ni mrufaniwa, bila kujali nani alianza kumfungulia nani. Mdaiwa aliyeshindwa mahakama ya chini akikata rufaa, huku juu yeye ni mrufani. Mtaje mara ya kwanza kama "mrufani, aliyekuwa mdaiwa", kisha baki na mrufani hadi ukurasa wa mwisho. Mdaiwa akileta madai kinzani, yaani naye akimgeuzia mdai madai yake katika kesi hiyohiyo, humo ndani yeye ndiye anayedai. Liseme hilo waziwazi.

Na tafadhali, msibadilishe majina yote kwa mkupuo. "Mdai" imo ndani ya "mdaiwa". Ukiamuru kompyuta igeuze kila "mdai" kuwa "mrufaniwa", utapeleka kwa jaji hati iliyojaa "mrufaniwawa". Badilisheni moja moja, na kila mnapofika kwenye jina mjiulize: huyu anaomba, au anaombwa?