Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kukata tawi? Tumkumbuke Dk. Alex Shigo

Mpogoaji (mwanzisha mada)
Habari za jioni wadau. Leo jirani kaniita nimwangalizie mwembe, tawi limelalia bati lake. Nafika pale, macho yananikimbilia kwenye kidonda cha zamani. Kuna fundi alishakata tawi jingine, akalinyoa mpaka usawa wa shina kama anayepiga randa, kisha akapaka oili chafu. Weusi wake bado unaonekana. Nikabonyeza kwa dole gumba, dole likazama. Ndani unga mtupu.

Nikamkumbuka Dk. Alex Shigo, yule Mmarekani wa New Hampshire aliyefariki tarehe 6 Oktoba 2006. Mimi nilimjua kwa karatasi za fotokopi, Morogoro, mwalimu alizigawa zikiwa zimefifia kiasi kwamba michoro unaikisia tu. Bwana huyu alizaliwa 1930, akaajiriwa na idara ya misitu ya serikali yao 1959, kipindi ambacho chensoo za kubebwa na mtu mmoja ndiyo zinaanza kuzoeleka. Watu walikuwa wanakata gogo kwa upana, wanaona duara bovu katikati, wanasema kiini kimeoza, basi. Yeye akapasua kwa urefu, kama unavyopasua muhogo. Akaona uozo una mipaka: unaanzia kwenye kidonda, unapanda, unashuka, halafu unagota ukutani. Miti aliyoipasua ilizidi 15,000.

Haya, leteni yenu. Nani alikufundisha, na uliharibu mingapi kabla hujajua?

Kishoka wa Tanga
Naweka kambi hapa.

Mkwezi Ughaibuni
Umenikumbusha mbali mkuu. Nakata miti Massachusetts mwaka wa kumi na moja sasa. Siku ya kwanza kazini nilipewa tawi la mti wa maple, nikalinyoa sawasawa na shina, safi, nikaona nimeua. Marehemu baba alinifundisha hivyo kwenye miembe yetu, na panga lake lilikuwa halikosei.

Bosi wangu alikuwa mzee, aliwahi kuhudhuria mafunzo ya Shigo mwenyewe. Hakunifokea. Alinivua glavu, akanishika mkono, akaniweka vidole pale tawi jingine linapotokea shinani. "Unausikia uvimbe?" Nikasikia, umejikunja kuzunguka tawi kama kola ya shati. "Huo ni wa shina. Ukiukata, umekata shina." Akanionyesha mikato mitatu: wa kwanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, usipitilize, wa pili juu, mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchuna gome, wa tatu ndiyo unaondoa kisiki, nje tu ya kola. Tukimaliza anapiga shina kofi na kusema "gusa mti", maneno ya Shigo hayo.

Baada ya miaka miwili tulirudi nyumba ile ile. Kidonda changu cha siku ya kwanza kilikuwa kama jicho, kimefunga kushoto na kulia, juu na chini pameachama. Cha mzee kilikuwa na duara kamili, limenona kama kitumbua. Nilipiga picha nikitaka kumtumia baba, ndipo nikakumbuka hayupo.

Mama Machungwa
Mti hauponi, unaziba. Hilo neno lilinibadilisha kabisa. Sisi ngozi ikichubuka inaota mpya, mti kile kidonda unabaki nacho tumboni mpaka kufa.

Binti Muheza
Jamani mimi nina mparachichi, matawi mawili yamebanana kama V, katikati gome limeingia ndani. Nikate lipi? Na nipake nini?

Babu Chokaa
Paka chokaa. Tumepaka toka enzi za ukoloni.

Kishoka wa Tanga
Samadi na udongo wa kichuguu.

Mpogoaji
Usipake kitu. Shigo na mwenzake walijaribu dawa za vidonda kwa miaka 13, zikashindwa kuzuia uozo. Rangi inakufurahisha wewe, mti hauna habari nayo.

Babu Chokaa
Hiyo ni miti ya barafu. Yetu ina joto, mchwa na utomvu. Usituletee ya Ulaya.

Mpogoaji
Ni Marekani, babu.

Babu Chokaa
Kote baridi.

Mwana wa Tetu
Wacha niulize tu. Kwani tumeishiwa na watu wetu? Prof. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri hapo, akaanzisha Green Belt Movement ya kupanda miti 1977, akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani akitetea msitu wa Karura Januari 1999, akachukua Nobeli 2004. Alipokufa 2011 alikataa hata jeneza la mbao, wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mkata matawi wa New Hampshire ndiye wa kufunguliwa uzi?

Mpogoaji
Mkuu hakuna aliyemgusa Mama. Mada ni kukata.

Mwana wa Tetu
Ndiyo nasema. Mwingine anapanda, mwingine anakata, na mnasifu anayekata.

Mama Machungwa
Na miche yote aliyopanda Mama leo ni miti mikubwa, nani ataipogoa? Wewe na panga lako? Tena huo huo 1977 ndipo Shigo alipotoa kijitabu chake cha kuta nne. Mwaka mmoja. Wangekutana wangeelewana sana, mnagombana ninyi.

Mwana wa Tetu
Sawa mama. Hiyo ya 1977 sikuijua. Kuta nne ndizo gani?

Mpogoaji
Ukuta wa kwanza unaziba mishipa juu na chini ya kidonda, huo ndio dhaifu, ndiyo maana uozo unakimbia kwa urefu. Wa pili unazuia kuingia ndani, wa tatu unazuia kuzunguka pembeni. Wa nne mti unaujenga baada ya kuumia, kati ya mbao iliyokuwepo na itakayoota. Huo ndio komesha. Ndiyo sababu unakuta mti una pango katikati na bado unazaa.

Fundi Juu
Pango! Umenichokonoa sasa.

2014, Kibaha. Mwembe dodo, niko juu kama ghorofa ya tatu, kamba kiunoni, chensoo mkononi. Nakata. Ghafla mlio unabadilika, unakuwa mtupu, kama nakata debe. Nikajua pana uwazi, nikazima mashine nichungulie. Mashine imezimika. Mvumo unaendelea.

Wadau, mvumo unaendelea!

Nilivyogeuza shingo wameshatoka, wingu zima. Chensoo nikaiachia, ikaenda zake. Kamba imejikunja kwenye kifundo, haifunguki. Nikajichomoa ndani yake kama nyoka anavua gamba, suruali ikabaki kule kule, nikalikumbatia shina nikaserereka. Ngozi ya kifua yote niliiacha kwenye gome. Msaidizi wangu alishakimbia, na simu yangu kabeba. Nakimbilia nyumbani kwa mwenye mti, mwenye mti kafunga mlango! Namwona dirishani, ananionyesha kwa mkono niende kwa jirani!

Zahanati muuguzi alihesabu miiba mpaka 40, akaacha. Nilivimba mpaka mke wangu akaniuliza nimekuja kumwona nani.

Baadaye nilirudi kuangalia. Nyuki walikuwa kwenye pango lililoanzia kwenye mkato wa zamani, umenyolewa usawa wa shina. Nao ulipakwa oili.

Kishoka wa Tanga
Hahahaha suruali ilibaki juu!

Binti Muheza
Pole fundi. Sasa mparachichi wangu?

Babu Chokaa
Nyuki ni moshi tu. Washa majani mabichi chini kabla ya kupanda.

Mkwezi Ughaibuni
Na wewe uko juu kwenye moshi? Babu utaua watu. Ukiwasikia, shuka polepole, usiwapige.

Fundi Juu
Shuka polepole, anasema. Hujakutana nao wewe.

Mama Machungwa
Miiba kwangua haraka, usingoje kisu wala kitunguu. Ukivimba midomo au pumzi ikibana, hospitali hapo hapo.

Kishoka wa Tanga
Mimi ni wa minazi. Kola iko wapi kwenye mnazi?

Mpogoaji
Swali zuri. Mnazi hauna kola. Mnazi hauzibi kidonda kama mwembe, haunenepi kwa kuongeza mbao nje. Vile vidato mnavyochonga vya kukwelea, ukirudi baada ya miaka 30 unavikuta vile vile.

Kishoka wa Tanga
Kweli kabisa! Mnazi wa babu yangu una vidato alivyochonga yeye, nakanyaga pale pale alipokuwa anakanyaga. Sikuwahi kuwaza kwamba ni vidonda.

Babu Chokaa
Si vidonda, ni ngazi.

Mpogoaji
Binti Muheza, hiyo V yenye gome ndani ndiyo inayopasuka siku ya upepo. Mti bado mdogo? Lifupishe lililo dhaifu msimu huu, ulitoe kabisa msimu mwingine. Mkono wako kwanza, uusikie uvimbe, ndipo msumeno.

Mkwezi Ughaibuni
Na piga picha tuone kabla hujakata.

Mwana wa Tetu
Fundi Juu, swali moja tu. Yule mwenye mti alikulipa?

Fundi Juu
Nusu. Alisema tawi bado lipo.