Mrejesho: ile nyumba ya Katuba

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza kama nilipe haraka nyumba ya Katuba, hapa Lubumbashi, muuzaji akiwa na fishi ya parseli tu (karatasi ya kiwanja). Nilimfuata yule mama aliyenijibu nianzie kadastri, ofisi ya rekodi za viwanja: kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki inathibitishwa na cheti cha usajili, si fishi. Kumbe cheti kipo, kwa jina la marehemu baba ya muuzaji, na warithi ni wanne! Miezi mitatu mizima hadi wote watie sahihi. Kupunguziwa bei, walikataa katakata. Deni la umeme nalo limeniangukia. Mlinionya, nikasahau kuliandika kwenye mkataba. Cheti kipya nakingojea.