Plagi imeyeyuka, fyuzi nzima: ni fyuzi feki?

SokoniMbale: Habari zenu wakuu. Birika la umeme la wati 2000, plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13A. Plagi imeyeyuka upande wa laivu (waya unaoleta umeme), lakini fyuzi ni nzima na sakiti breka ya 20A haikukata. Fundi anasema fyuzi ni feki, na kwa kuwa breka ipo, mahali pake naweza kuweka kipande cha waya. Ni sawa?

WayaHai: Fyuzi haina kosa, ndugu. Birika hilo linavuta 2000 ÷ 240, yaani amp 8.3, halikuzidisha. Fyuzi na breka husikia amp zinazopita. Kiungo kilicholegea hawakioni. Skrubu ikilegea, ukinzani wa omu 0.2 tu unatoa 8.3 × 8.3 × 0.2, karibu wati 14, mahali padogo kama punje ya hindi. Plastiki itavumilia wapi?

Tupa plagi, na soketi ibadilishwe pia: vibanio vilivyokwisha kuungua havibani tena, vitakula na plagi mpya. Zima swichi kuu kwanza, kata waya mpaka shaba inayong'aa, sokota nyuzi zote, kaza, kisha vuta kwa mkono. Ukichomoka, rudia.

Kuhusu kipande cha waya, hapana kabisa. Breka ya 20A inalinda waya wa 2.5 mm² wa ukutani. Waya wa redio wa 0.75 mm² ni wa amp 6 hivi. Ukipitisha amp 18, breka imetulia huku ganda linaiva. Hapo ndipo fyuzi ya plagi inapofanya kazi: 3A (nyekundu) hadi wati 700, 13A (kahawia) kwa pasi na birika.

NguzoYaEthi: Ila mtu halindwi na fyuzi wala breka. Laivu ikigusa bati la pasi, na nguzo yako ya ethi (chuma kilichozikwa ardhini) ina omu 20, zitapita amp 12 tu. Fyuzi ya 13A haikatiki, breka ndiyo kabisa, na pasi inabaki na umeme. Kiangazi udongo ukikauka, kama kule Moroto, omu zinapanda zaidi. Kinachookoa ni RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliamp 30: inalinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, tofauti ikifika hapo inakata. Lakini RCD tupu haijali mzigo kuzidi, breka lazima ibaki. Bonyeza kitufe cha T mara kwa mara, isipokata, badilisha.

SokoniMbale: Asanteni. Breka hizi za ukutani zinafaa kwenye sola?

WayaHai: Kama haikuandikwa volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa paneli na betri), usiiweke. Umeme wa 50 Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inazimika yenyewe. DC haipiti sifuri, na paneli zikiungwa mfululizo hadi volti 100 cheche inaweza kuyeyusha breka. Kwa inveta ya wati 1000 kwenye betri ya 12V, hesabu amp 95 pamoja na upotevu: fyuzi ya DC ya 125A, waya wa 25 mm², na fyuzi ikae karibu na chanya ya betri, sentimita 20 hivi. Ukiiweka kwenye inveta, waya wote wa katikati hauna mlinzi.