Wanajua uonevu ni kosa, mbona wanaendelea kuonea?

SWALI
Darasa la tano. Ukiuliza kama ni vizuri kumcheka mwenzako, wote wanaitika "Hapanaaa!" Kengele ya mapumziko ikilia, yuleyule anaitwa "Kigugumizi" mpaka anakwenda kukaa peke yake. Maadili yamefundishwa, viboko vimechapwa. Kinakosekana nini?

JIBU 1
Mwalimu, wanachokosa si kujua. Utafiti wa mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake ulionyesha kuwa hata watoto wa chekechea husema kumpiga mwenzako ni vibaya hata mwalimu akiruhusu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kinachofuata: dhamiri ipo, ila inalazwa kwa visingizio. Vitegee sikio. "Tunamtania tu": tendo limepewa jina jingine. "Wote walicheka": lawama imegawanywa mpaka haina mwenyewe. "Kajitakia": kosa kabebeshwa aliyeonewa. Usihubiri, uliza. Kwa cha kwanza: "Na yeye anakutania vipi?" Utani wetu una kanuni, unayemtania ana haki ya kukurudishia, na watoto wanaijua vizuri sana. Kwa cha pili: "Waache wote. Wewe ulifanya nini?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

JIBU 2
Tazama pia watazamaji. Mwaka 1996 mtafiti Christina Salmivalli na wenzake, Finland, waliwagawa wanafunzi kwa nafasi zao uonevu unapotokea: wasaidizi wa mwonevu, wachochezi wanaocheka, watetezi, wanaojiweka kando. Kicheko ndicho ujira wa mwonevu. Katika KiVa, mpango wa shule wa kupambana na uonevu unaotokana na kazi hiyo, wahusika hawaitwi pamoja mwanzoni. Huanzwa na aliyeonewa, kisha waonevu mmojammoja, ndipo kundi lao. Mwalimu wa darasa huwaomba wanafunzi wawili hadi wanne wanaopendwa darasani wawe karibu na aliyeonewa. Baadaye wote huitwa tena kuona kama walichoahidi kimefanyika. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na mambo hurudi palepale.

JIBU 3
Msikimbilie kupatanisha. Dan Olweus, mtafiti wa uonevu shuleni, alitaja mambo matatu yanayoutambulisha uonevu: kukusudia, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Wawili wanaolingana wakipigana huo ni ugomvi, wapeane mikono. Kwa uonevu, kumsimamisha mwonewa mstarini asamehe mbele ya shule kunamwongezea aibu, na msamaha wenyewe anautoa kwa woga. Unapomwita mwonevu, usitamke "fulani kaniambia". Sema umeona mwenyewe, na hakikisha kweli umeona: simama karibu na bomba la maji na vyooni wakati wa mapumziko, maana mengi hufanyika pasipo na mtu mzima.