Mrejesho: ndoano za nondo zilizokuwa zinapasuka zikisokotwa

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini ndoano za ukutani anazofua mdogo wangu (miaka 16, tuko Mikindani) zinapasuka zikisokotwa. Asanteni sana mliojibu.

Kilichotibu ni joto. Nondo ya milimita 10 inafuliwa kwanza iwe ya mraba, kisha inarudishwa motoni mpaka sehemu yote ya kusokota iwe na rangi ya chungwa sawasawa. Ncha moja kwenye jiliwa (kibanio cha chuma cha mezani), nyingine kwa spana, zungusha kwa mkupuo mmoja. Wekundu ukififia, acha, rudisha motoni. Aliyesema tusizime kwenye maji, abarikiwe: sasa zinapoa zenyewe kwenye majivu na hakuna iliyopasuka tena.

Nta ya nyuki, tunayopaka kuzuia kutu, imefaa nusu tu. Ndani ya nyumba, ikipakwa chuma kikiwa bado cha moto kiasi cha kuiyeyusha, weusi unakaa vizuri sana. Barazani, kwa upepo huu wa chumvi, kutu imetoka kwenye mikunjo ya msokoto, brashi ya waya isikofika. Za nje tumehamia rangi ya kuzuia kutu, halafu nyeusi juu yake. Matokeo ya hiyo bado.