"Piga" kwenye habari, naielezaje darasani?

mwalimu_arua: Habari zenu wadau. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Arua, siku hizi nawaambia wanafunzi wasome taarifa za BBC Swahili na DW alafu waniletee vitenzi walivyokuta. Wote wanaleta piga! Serikali yapiga marufuku, wananchi wapiga kura, dereva apigwa faini, mazungumzo yapiga hatua, wakimbizi wapiga kambi, na wao piga wanaijua ya kuchapa mtu tu, sasa wananiuliza marufuku inapigwaje. Nawaeleza vipi bila kuwapa orodha ya kukariri?

nakato_jinja: Mwalimu, piga hapo haibebi mzigo, mzigo uko kwenye jina linalofuata. Anza na piga simu, piga pasi, piga picha, hizo wanazo tayari. Alafu chukua Machi 2020, Museveni alipiga marufuku usafiri wa umma sababu ya korona. Waambie waondoe "marufuku", inabaki "alipiga usafiri", sentensi imekufa. Wakiliona hilo wenyewe hawatakariri.

okello256: Nakubali na Nakato, ila shida kubwa ni pale mwandishi anapoikata ili kichwa cha habari kiwe kifupi. "Uganda yaipiga Kongo", Juni 2019 kwenye AFCON kule Misri ni sawa kabisa, tuliwafunga 2-0. Lakini tarehe 30 Novemba 2021 jeshi letu la UPDF walizipiga kambi za waasi wa ADF ndani ya Kongo kwa ndege na mizinga, tena kwa kuelewana na serikali ya Kongo yenyewe, sasa ukiandika maneno yaleyale siku hiyo umetangaza vita ya nchi na nchi na mtu wa Bundibugyo mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka anapata presha bure. Aliyepigwa ni ADF, aandikwe ADF! Na michezoni kuna funga, laza, chapa, zinatosha jamani.

mama_hadija: Mimi inaniuma zaidi ile "apigwa risasi". Haisemi kama mtu amekufa au yuko hospitali, na haisemi nani kapiga. Novemba 2020 baada ya Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, kukamatwa watu zaidi ya 50 walikufa kwenye zile vurugu. Ukiandika "waandamanaji wapigwa risasi Kampala" ukaishia hapo, msomaji anamjua aliyepigwa tu, aliyeshika bunduki katoweka kwenye sentensi. Kama mwandishi anamjua amtaje, kama bado hajathibitisha aseme hivyo kwenye aya ya kwanza, siyo chini kabisa. Mwalimu wafundishe watoto kuuliza "na nani?" kila wakikuta pigwa.

mwalimu_arua: Asanteni sana, hiyo ya "na nani" naingia nayo darasani Jumatatu. Na kimbunga je? Mmoja kaniletea "kimbunga kilipiga Beira", ya Idai 2019 kule Msumbiji.

nakato_jinja: Inaeleweka, watu wanaiandika. Mimi ningeandika kiliikumba Beira.