Supavaiza amegoma kusaini ripoti yangu ya utafiti, zimebaki siku 11. Nifanyeje?

kitindamimba:
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu, chuo sitakitaja. Masomo yote nimemaliza, sina sapu (mtihani wa marudio) wala kari (somo la kubeba mwaka unaofuata) hata moja, GPA inacheza kwenye 3.6 kwa hiyo nategemea apa sekondi. Kimebaki kitu kimoja tu, ripoti ya utafiti. Supavaiza wangu hataki kuisaini. Nimemfuata ofisini mara nne na kila nikienda ananiambia, "Rudi ukajifikirie." Bila sahihi yake jina langu haliendi seneti, na lisipopita seneti sihitimu.

Mama ameshanunua vitenge vya sare. Watu 12 wanatoka Songea kuja kwenye mahafali. Sili, silali. Naamini ana chuki binafsi na mimi. Naomba kujua utaratibu wa kubadilishiwa supavaiza, na je, naweza kumshtaki kwa mkuu wa idara? Barua nimeshaandika, bado kuipeleka.

Msoma Mita:
Pole sana. Kawaida unaandika barua kwa mkuu wa idara kupitia mratibu wa tafiti, unaeleza sababu, unaambatanisha ushahidi. Lakini ukiwa umebakiza siku 11 sidhani kama kuna idara itakukubalia. Kile kitabu cha kanuni mlichogawiwa wiki ya kwanza unacho? Kisome. Wengi wanafunikia mtungi wa maji.

jembe la mkono:
Mnalalamika nyinyi wa siku hizi. Mimi 2006 ripoti yangu ilikuwa kwenye flashi ya MB 256, virusi vikaila siku mbili kabla ya kukusanya. Nilikaa intaneti kafe Ubungo usiku kucha nachapa upya kurasa 54 kutoka kwenye karatasi za supavaiza zilizojaa wino mwekundu. Asubuhi umeme ukakatika nikiwa ukurasa wa 49. Nililia mtu mzima. Komaa binti, itapita.

Dada Mkubwa:
Mdogo wangu, huyo supavaiza ni mwanaume? Maana hiyo "rudi ukajifikirie" naijua. Niliambiwa maneno hayo hayo 2011, nimesimama mlangoni, yeye amekaa anazungusha kalamu. Nilikaa kimya nikarudia somo mwaka mzima, na hadi leo sijawahi kumweleza mume wangu kwa nini nilichelewa kuhitimu. Wewe usikae kimya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono. TAKUKURU wanapokea simu bure 113. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, nipo.

kitindamimba:
Asante dada, umenitoa machozi. Ni mwanaume ndiyo. Sitaki kusema mengi hapa, ila mnaelewa.

Chumvi ya Pwani:
Mimi sijaelewa. Supavaiza hata awe mkorofi vipi, lazima kuna kitu ameandika pembeni ya karatasi. Ameandika nini?

kitindamimba:
Sehemu mbili tu. Sura ya tatu ameandika, "Wako wapi hawa?" Kwenye viambatisho ameweka alama ya kuuliza.

Chumvi ya Pwani:
Hawa nani?

kitindamimba:
Wahojiwa.

Fundi Saa:
Haya, tumefika. Ripoti aliandika nani?

kitindamimba:
Sawa. Niliandikiwa. Kuna kaka ana steshenari nyuma ya hosteli, nilimlipa laki na nusu. Lakini naomba msinihukumu, kwetu siko peke yangu, nawajua zaidi ya kumi waliopita kwake na wamesainiwa. Mada nilitoa mimi. Sura ya kwanza niliandika mwenyewe. Hela ya fildi ilichelewa, na nauli ya kwenda kwenye ile kata ni 38,000 kwenda tu, ningelala wapi, ningekula nini?

Na kazi yenyewe si mbovu. Fomyula ya Yamane ya kupata idadi ya wahojiwa ipo, kaya 400, kosa la asilimia 10, madodoso 60, majedwali ya SPSS, ile programu ya takwimu, yote yamo. Turnitin, ile programu ya kukagua kunakili, ilisoma asilimia 61, nikamwongeza 70,000 akaishusha mpaka 14. Sasa kama imefika 14, anakataa nini?

Fundi Saa:
Laki na nusu na elfu sabini ni 220,000. Kwenda na kurudi ni 76,000. Kwa hela hiyo ungefika kwenye hiyo kata karibu mara tatu.

tuma_na_ulipwe:
Njooni pembeni, ripoti safi, kufanana chini ya asilimia 10, malipo nusu nusu.

Chumvi ya Pwani:
Modereta, ondoa hicho kitu hapo juu.

Mwalimu wa Zamu:
Nafundisha chuo, nasimamia wanafunzi 14 mwaka huu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Asilimia ya Turnitin siyo hukumu. Programu inaonyesha maandishi yanayofanana na mengine, basi. Kazi halali inaweza kusoma 25 kwa sababu ya nukuu na marejeo, na kazi ya kununua inaweza kusoma 3. Mtu akishabadilishiwa maneno mimi naona hapo hapo, kwa sababu sentensi zinakuwa za ajabu. Msimu uliopita nimekuta "mifugo ya kigeni" imegeuka "wanyama wageni waalikwa." Siangalii namba. Naangalia kama mtu anaijua kazi yake.

Nina swali moja. Kibali cha kuingia kwenye kata ulipataje? Chuo hutoa barua, inapita wilayani, mtendaji wa kata anapiga muhuri, na nakala inakaa kwenye viambatisho. Kwako muhuri huo ni wa nani?

Kizibo:
Jamani, acheni kupoteza bando. Hii ni chai. Kwanza ilikuwa chuki binafsi, halafu "mnaelewa," sasa steshenari. Na hesabu haikubali. Yamane ni idadi ya watu kugawa kwa moja jumlisha idadi mara kosa la kipeo cha pili. 400 gawa kwa 5, jibu ni 80. Yeye anasema 60. Mtu aliyekaa na ripoti yake miezi sita hawezi kukosea sampuli yake mwenyewe. Kuna mtu amekaa mahali anatunga ili apate majibu mengi.

jembe la mkono:
Kweli hata mimi nimeanza kusikia harufu ya tangawizi.

Msoma Mita:
Chai ina maziwa hii. Nimeshapoteza nusu saa yangu.

kitindamimba:
Natamani ingekuwa chai.

Hiyo 80 ndiyo aliyoniuliza. Mara ya tatu nilipoenda, alichukua karatasi akaandika 400, akapiga mstari, chini akaandika 5, akanisogezea nimalizie. Nikaandika 80. Akasema, "Ishirini wako wapi?" Sikuwa najua. Yule kaka alinakili sura ya tatu ya mtu mwingine akabadilisha namba moja akasahau nyingine, na mimi sikuisoma.

Akatoa yale madodoso 60 akayapanga mezani kama karata. Tuliyajaza mimi na mwenzangu wa chumbani kwa usiku mmoja, kalamu tatu, bluu mbili na nyeusi moja, tukajiona wajanja. Akaweka kidole kwenye umri wa mhojiwa wa kwanza, 47. Wa pili, 37. Wa sita, 57. Saba zote zimekatwa mstari katikati. Ndivyo ninavyoandika saba tangu darasa la pili. Hakusema kitu. Akaniuliza tu, "Ukishuka stendi pale, ofisi ya kata iko upande gani?"

Nilikaa kimya mpaka akafunga faili.

Mwalimu wa Zamu, muhuri alichonga yule kaka.

Dada Mkubwa:
Nimesoma mara mbili. Mimi nimeandika hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia hata dada yangu wa tumbo moja, kwa sababu niliamini unapitia nililopitia. Na wewe ukajibu "mnaelewa." Unajua ulimweka wapi yule mwalimu kwa neno moja? Na unajua binti wa kweli akienda kesho kushtaki, ataulizwa kwanza kama hadanganyi?

Hiyo barua uliyoiandika, hilo limo?

kitindamimba:
Sikuandika wazi. Niliandika "mazingira yasiyofaa."

Samahani dada. Naandika nikitetemeka.

Dada Mkubwa:
Ichane sasa hivi. Siyo kesho.

Kizibo:
Naondoa neno langu la chai. Hizo saba hazitungwi.

Mwalimu wa Zamu:
Nikujibu sasa swali ambalo ulipaswa kuuliza tangu mwanzo.

Kununua ripoti ni kosa la chuo, linakwenda kwenye kamati, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa. Muhuri ni jambo lingine kabisa. Kughushi nyaraka ni jinai, iko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Usijifariji kwamba ukishavaa joho mambo yamekwisha. Aprili 2017 pale Dodoma ilitolewa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwamo watu waliokwishafanya kazi miaka mingi, wana wake na watoto.

Mimi simjui supavaiza wako, lakini nakuambia kama mtu anayekaa upande ule wa meza. Amekurudisha mara nne ukajifikirie. Angetaka kukumaliza, faili lingekuwa kwa mkuu wa idara siku ile ile alipoziona hizo saba. Anasubiri useme mwenyewe, na hawezi kusubiri kupita siku ya mwisho ya kukusanya, kwa sababu naye atawajibika.

Nenda kesho asubuhi. Mwambie yote, na muhuri uutaje wewe kabla hajauliza. Iondoe ripoti hiyo, omba kuufanya utafiti upya. Mwaka huu huhitimu, hilo likubali usiku huu. Sikuhakikishii kwamba hutapelekwa kwenye kamati. Halafu fungua ukurasa wa pili wa ripoti yako, ule wenye tamko, "kazi hii ni yangu mwenyewe na haijawahi kuwasilishwa chuo kingine chochote." Chini yake kuna jina lako na sahihi yako. Hiyo steshenari haikukusainia.

kitindamimba:
Nilisaini bila kusoma.

Barua nimeichana. Nitakuwa mlangoni kwake saa mbili. Ila mama, jamani. Mama anauza maandazi, amedunduliza miaka mitatu hii. Nimwambie lini? Nilikuwa nafikiria nisubiri mpaka kamati iamue.

Dada Mkubwa:
Mwambie usiku huu. Bado nina hasira na wewe, lakini mama asije akasikia kwa watu. Na wale wa Songea wasikate tiketi. Vitenge vimeshapelekwa kwa fundi?

kitindamimba:
Vimeshakatwa, fundi amechukua nusu ya hela. Ngoja nimpigie kabla hajalala.